Kabla ya kuondoa amalgamu kwenye meno: swali, kiti na malipo

Fungua mdomo mbele ya kioo. Ukiona gego lina kiraka cha kijivu kinachong'aa au kilichofifia hadi kuwa cheusi, hiyo huenda ni amalgamu, mchanganyiko wa metali wa kuzibia meno. Takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Umoja wa Ulaya uliacha kuitumia kuanzia Januari 1, 2025, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi, na nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, unaodhibiti zebaki duniani, zimekubaliana kuifikisha mwisho ifikapo 2034. Habari kama hizi zikizunguka kwenye simu, watu hutaka kukimbilia kliniki kesho yake.

Usikimbie. Makatazo hayo yanahusu meno yatakayozibwa, hayamtaki mtu abomoe kilichokwisha kuzibwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, mwaka 2020, iliwashauri wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wadogo na wenye maradhi ya figo au ya neva waepuke amalgamu mpya, lakini ikasema pia kuwa iliyo nzima isitolewe bila sababu ya kitabibu. Kisa ni hiki: mvuke wa zebaki hutoka kwa wingi pale keekee inapogusa amalgamu, na kila jino linalochimbwa upya hupoteza kidogo ya sehemu yake isiyo na ubovu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwa na sababu. Amalgamu imepasuka, imeachia pembeni, picha ya eksirei inaonyesha jino linaoza chini yake, una mzio uliothibitishwa, au shavu lina michirizi myeupe yenye kuwasha pale pale linapoigusa. Hizo zinatosha. Uchovu na usahaulifu vipeleke kwa daktari wa kawaida kwanza. Sukari, upungufu wa damu na tezi havitibiwi kwa kuchimba jino. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, isipokuwa jino likiwa linauma. Na mtu akikuuzia dripu au vidonge vya "kusafisha zebaki mwilini", shika mkoba wako uondoke: dawa halisi za kutoa metali mwilini zinaweza kudhuru figo, na hupewa tu mtu aliyepimwa akakutwa na sumu.

Ukishaamua, muulize daktari atafanyaje. Jibu zuri lina vitu vya kuonekana. Atatandaza kipande cha mpira chembamba kilichovutwa kwenye fremu, jino moja au mawili yakichungulia kwenye tundu lake, ili vipande visiingie kooni. Maji yatamwagika mfululizo kupoza jino, na msaidizi atashikilia bomba la kufyonza lenye nguvu karibu kabisa na jino. Lile dogo la kuning'inia mdomoni kwa ajili ya mate halitoshi. Atakata mistari michache ili amalgamu itoke kwa mapande, badala ya kuisaga yote iwe unga. Wengine huongeza hewa safi ya puani na miwani kwa mgonjwa. Uliza pia mabaki yanakwenda wapi. Kliniki makini ina kichujio kwenye bomba la maji machafu na chombo chenye kifuniko. Anayekasirishwa na maswali haya amekusaidia kuchagua. Usajili wake uuhakikishe kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, ukiwa huko.

Sasa pesa, ambapo wengi huumia kuliko kwenye sindano ya ganzi. Bima nyingi huweka meno kwenye kikomo chake chenyewe, na huangalia sababu iliyoandikwa. "Jino limeoza chini ya amalgamu" mara nyingi hupita. "Mgonjwa anataka rangi nyeupe" huhesabiwa urembo. Usimwombe daktari aandike uongo, mwombe aandike alichokiona, jino gani, na aambatishe picha. Kibali cha bima kipatikane kwa maandishi kabla hujakaa kwenye kiti.

Ukilipa mwenyewe, taka bei kwa jino, ikitaja ushauri, picha, ganzi, kutoa na kuziba upya. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: je, likifunguliwa ikakutwa limeoza hadi kwenye mzizi? Hapo hesabu inaruka kutoka kuziba hadi tiba ya mzizi na taji (kofia ya kufunika jino), na ni bora ujue kiasi hicho ukiwa bado unaweza kuongea. Kliniki za kufundishia, kama za Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili (MUHAS) Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi, aghalabu ni nafuu, ila jiandae kukaa muda mrefu. Mwenye meno sita yenye amalgamu si lazima aitoe yote mwezi mmoja. Anza na bovu, mengine yafuate kadiri bajeti inavyoruhusu.

Siku yenyewe kula mapema, maana ganzi ikiingia utajitafuna shavu bila kujua. Jino laweza kushtuka kwa maji baridi kwa siku kadhaa; likiuma ukitafuna, rudi likasawazishwe. Usitoke bila risiti inayotaja jino na kazi iliyofanyika, kwani risiti ya jumla ndiyo bima huikataa.