Mpangaji Kaondoka na Kodi Yako: Cha Kufanya Kuanzia Siku ya Kwanza

Simu yake haipatikani, mapazia hayapo dirishani, na jirani anakwambia alisikia mizigo ikitolewa usiku wa kuamkia Jumapili. Kodi ya miezi miwili hujaiona. Hapo wenye nyumba wengi hufanya moja kati ya mawili: kuvunja kufuli kwa hasira, au kuguna, kupaka rangi na kuingiza mtu mwingine. Njia zote mbili zina gharama. Nimesimamia nyumba za kupanga, zangu na za watu, na kila deni nililowahi kulipwa lililipwa kwa sababu ya karatasi nilizoandaa wiki ya kwanza. Hakuna lililolipwa kwa sababu nilikuwa mkali.

Hatua ya 1: Hakikisha ameondoka kweli

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, nami niliwahi kuiruka.

Nilikuwa na mpangaji mmoja, mtaratibu tu, ambaye hakuonekana kwa wiki tatu. Kodi ilikuwa imepita tarehe, simu imezimwa. Nikamwita fundi, tukakata kufuli, vitu tukavitoa na kuvipanga barazani. Mvua ikanyesha usiku huohuo. Siku ya tisa mwenyewe akaingia getini akitembea kwa mkongojo: alipata ajali safarini, akalazwa, simu ikapotelea hukohuko. Alikuwa anadaiwa mwezi mmoja. Godoro na redio nilivyomlipa vilizidi huo mwezi. Vyeti vyake vya shule vilivyolowa sikuwa na namna ya kuvilipa, na mpaka leo nikikutana naye huwa mimi ndiye ninayeangalia chini.

Kodi kuchelewa hakumaanishi upangaji umekwisha. Mpaka uishe kwa njia inayotambulika, yaani kwa notisi, kwa kurudisha funguo, kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama, chumba bado kiko mikononi mwake hata kama hakuna anayelala humo. Kwa hiyo kusanya dalili kwanza. Funguo zimerudishwa? Mita ya umeme inasogea? Majirani waliona gari la mizigo, au begi moja tu? Ukichungulia dirishani, godoro lipo? Aliyesafiri huacha godoro na kuchukua mswaki, aliyehama huchukua vyote viwili. Mapazia usiyaamini sana, maana wajanja huyaacha makusudi ili ukipita nje udhani kuna mtu.

Halafu mwandikie. Tuma ujumbe wa simu, tuma barua pepe kama unayo, na bandika notisi mlangoni ukiipiga picha ikiwa na tarehe. Maneno machache yanatosha:

*“Ndugu, hatujakuona tangu tarehe ___ na kodi ya miezi ___ haijalipwa. Kama bado unaishi hapa au umepata dharura, tafadhali nijulishe kabla ya tarehe ___. Nisiposikia kutoka kwako, nitachukulia kwamba umehama na nitafuata utaratibu wa mkataba na sheria.”*

Siku za kusubiri zimo kwenye mkataba wako au kwenye sheria ya upangaji ya unakoishi. Zisome kabla ya kujaza tarehe. Kuna sehemu ambazo notisi ya aina hii haitoshi kabisa, lazima upate kibali cha mahakama ndipo urudishe chumba. Kama hujui uko upande gani, ada ya kuuliza wakili mara moja ni ndogo kuliko fidia ya kumtoa mtu kinyume cha sheria.

Hatua ya 2: Ingia na shahidi, simu ikiwa inarekodi

Muda ukishapita na ukiwa na haki ya kuingia, usiingie peke yako. Chukua mtu asiye ndugu yako: jirani, mjumbe wa mtaa, mpangaji mwingine. Anza kurekodi ukiwa nje, mlango ukiwa bado umefungwa, kisha ingia bila kukata picha. Pita chumba hadi chumba, fungua makabati, onyesha bomba, swichi, vioo na kitasa. Mita ya maji na ya umeme zipige picha kwa karibu hadi namba zisomeke, kwa sababu bili ya mwisho itaanzia hapo.

Hakuna kufagia wala kurekebisha chochote kabla hujamaliza. Nimeona mama mmoja mwenye nyumba, mpenda usafi, akideki kwanza ndipo akaanza kupiga picha za uharibifu. Alichobaki nacho ni picha za chumba kinachong’aa.

Hatua ya 3: Vitu alivyoacha si vyako

Najua unachofikiria: kuna friji, na deni linalingana na friji. Sehemu nyingi huruhusiwi kushika wala kuuza mali ya mpangaji kwa deni la kodi bila kupitia mahakama au dalali aliyeidhinishwa. Ukiuza kienyeji, kesi inageuka, wewe unakuwa mdaiwa. Andika orodha, shahidi atie saini, hifadhi vitu mahali pakavu, na mjulishe kwa maandishi viko wapi na hadi lini. Takataka za wazi tupa. Hati, picha za familia, dawa na vyeti weka kwenye bahasha yake peke yake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ambayo hata yeye hataipinga

Hesabu ya hasira huwa na mistari kumi na mbili, na nusu yake hufutwa na hakimu. Ya kweli huwa fupi. Tuchukue mfano, sarafu weka yako:

Kodi ni 60,000 kwa mwezi, sawa na 2,000 kwa siku. Aliondoka bila notisi akiwa hajalipa miezi miwili kamili, na chumba kilikaa kitupu siku 12 kabla hujapata mpangaji mpya.

- Kodi ya miezi 2: 120,000
- Siku 12 za chumba kitupu: 24,000
- Bili ya maji iliyobaki: 5,500
- Mlango uliovunjwa, kwa risiti ya fundi: 18,000
- Jumla: 167,500
- Toa amana (fedha ya dhamana) uliyoshika: 60,000
- Anadaiwa: 107,500

Angalia zile siku 12. Hata kama mkataba unataka notisi ya mwezi mzima, huwezi kudai kodi ya siku ambazo mtu mwingine alikuwa ameshaanza kukulipa. Na sheria za nchi nyingi zinakutaka ufanye juhudi ya kupata mpangaji mpya badala ya kuacha chumba kitupu na kuhesabu siku. Tunza tangazo ulilotoa na tarehe yake, ndio ushahidi kwamba hukukaa tu.

Rangi iliyofifia, sakafu iliyokwaruzika kwa kutembelewa, kitasa kilicholegea, huo ni uchakavu wa kawaida, usimbebeshe. Kitu kilichoharibiwa kweli kidai kwa thamani kiliyokuwa nayo, si kwa bei ya kipya. Zulia la miaka minane halidaiwi kama la jana. Riba au faini ya kuchelewa weka tu kama imeandikwa kwenye mkataba na sheria inairuhusu.

Amana nayo ina masharti yake. Kama sheria yako inataka umpe mchanganuo wa makato ndani ya siku fulani, mpe hata kama katoroka. Tuma kwenye anwani ya mwisho unayoijua. Ukichelewa, unaweza kupoteza haki ya kukata chochote.

Hatua ya 5: Barua ya madai

Barua iwe ya ukurasa mmoja: jina lake, anwani ya nyumba, tarehe alizoishi, ule mchanganuo wa juu, tarehe ya mwisho ya kulipa (mimi hutoa siku 14), namna ya kulipa, na sentensi moja kwamba akishindwa utafungua madai. Vitisho, matusi, habari za polisi, vyote acha. Kodi isiyolipwa kwa kawaida ni deni la madai, si jinai, na polisi watakwambia hivyohivyo ukishapoteza asubuhi nzima kwenye benchi lao.

Andika kama mtu anayejua kwamba barua itasomwa na hakimu, kwa sababu huenda ikasomwa.

Itume kwa njia inayoacha alama: posta ya rejista, barua pepe, ujumbe ambao utaonekana umefika. Nakala mpelekee mdhamini wake kama mkataba unamtaja na alitia saini. Mtu aliyeandikwa tu kama “wa kuwasiliana naye wakati wa dharura” si mdhamini. Unaweza kumuuliza kwa upole anwani mpya, lakini hadaiwi.

Kumtafuta kuna mipaka. Kupiga simu mara moja kwa wiki ni kufuatilia, mara ishirini kwa siku ni usumbufu. Na tafadhali, usirushe picha yake na nakala ya kitambulisho kwenye makundi ya WhatsApp ukiandika “mwizi huyu”. Raha yake ni ya dakika tano, kisha unajikuta unajibu madai ya kashfa na ya kuvujisha taarifa binafsi, huku deni lako likiwa palepale.

Hatua ya 6: Akijitokeza, mkubalie awamu

Wengi hujitokeza. Huwa hawakutoroka kwa ujanja, walitoroka kwa aibu: kazi iliisha, wakasema wiki ijayo, wiki ijayo ikazaa nyingine. Akipiga simu usianze na lawama. Muulize anaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi bila kukwama, kisha andikeni: anakiri deni la 107,500, atalipa kiasi fulani kila tarehe fulani, akikosa awamu mbili baki lote linadaiwa mara moja. Atie saini, nawe utie.

Karatasi hiyo ina kazi mbili. Kwanza, hawezi tena kubisha kiasi. Pili, madeni yana ukomo wa kudaiwa mahakamani, nchi nyingine miaka 3, nyingine 6, na sehemu nyingi kukiri deni kwa maandishi au kulipa sehemu yake huanzisha hesabu ya miaka upya.

Mimi huwa tayari kupunguza kidogo kwa anayelipa kwa mkupuo. Asilimia themanini leo naipenda kuliko mia ya ahadi.

Hatua ya 7: Mahakama, au achia

Akinyamaza siku 14 zikapita, jiulize maswali matatu. Unajua anapoishi au anapofanya kazi? Ana kipato au mali? Deni linazidi ada na siku utakazopoteza? Ukijibu hapana mara mbili, funga faili, liweke mahali utakapoliona, mwulize mhasibu kama hasara hiyo inapunguza kodi ya mapato yako, uendelee na mengine.

Ukijibu ndiyo, tafuta utaratibu wa madai madogo. Nchi nyingi zinao, na kwa kawaida unajisimamia bila wakili. Beba mkataba, daftari la malipo, notisi, picha, risiti za fundi na barua ya madai, vyote vikiwa na nakala na vimepangwa kwa tarehe. Ukiulizwa swali, fungua ukurasa, usisimulie.

Ukishinda, hukumu bado si fedha. Asipolipa kwa hiari inabidi uombe kukazia hukumu, yaani kukata mshahara wake, kushika akaunti au kukamata mali, na kila ombi lina ada yake. Ndiyo maana lile swali la kipato linakuja kabla ya kufungua madai.

Siku atakapomaliza kulipa, mwandikie risiti ya mwisho inayosema deni limekwisha na hudai tena, na kama alikuwa na mdhamini, mtumie nakala siku hiyohiyo.