Kuhesabu methani ya mifugo Komoro

Kuanza kuhesabu methani, gesi inayotoka kwa mifugo na kuongeza joto duniani, hakuhitaji maabara. Kunahitaji daftari la mifugo linaloaminika na watu wawili wanaoijua hesabu, maana akiwa mmoja tu, siku akihama, kazi inakufa.

Hesabuni mifugo ya Ngazija, Nzuwani na Mwali, kila kisiwa peke yake. Msitegemee hesabu moja iliyofanywa baada ya Idi ya kuchinja: idadi itashuka mno. Wanyama wanaoishi chini ya mwaka, zidisheni idadi yao kwa siku walizoishi, kisha gawanyeni kwa 365.

Viwango vya 2006 vya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kwa methani ya tumboni: mbuzi mmoja kilo 5 kwa mwaka, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kilo 31. Mbuzi 1,000 hutoa tani 5; zidisheni kwa 28, maana kwa uzito uleule methani hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kaboni dioksidi katika miaka 100, mpate tani 140 za kaboni dioksidi linganifu. Chanzo cha kila namba kiandikwe siku hiyohiyo.