Kabla ya kuingia darasani kusoma miungo ya kemia

Wanafunzi wengi wa sekondari huiogopa mada ya miungo, yaani namna atomi zinavyoshikana. Ninavyoona mimi, mada yenyewe haina ugumu huo, ila watu huiingia mikono mitupu. Kwanza kabisa, hakikisha unaweza kupanga elektroni za elementi 20 za mwanzo bila kuchungulia kitabu. Sodiamu, namba 11, ni 2, 8, 1. Klorini, namba 17, ni 2, 8, 7. Ukiziandika pamoja utaona mmoja ana elektroni ya ziada kwenye ganda la nje na mwenzake amepungukiwa na moja kutimiza nane. Asiyejua mpangilio huu atakariri kila mfano, na mifano haiishi.

Pili, weka akilini kwamba elektroni kuhama kutoka sodiamu kwenda klorini si muungo bado. Kuhama huko kunazaa ioni, yaani atomi zenye chaji: ya sodiamu ni chanya, na ya klorini, iitwayo kloridi, ni hasi. Muungo ni ule mvutano baina yao, nao hauchagui mwenza mmoja: ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na za kloridi sita, na kila ya kloridi na za sodiamu sita. Ndiyo maana hatusemi “molekuli ya chumvi”, na ndiyo maana chumvi haiyeyuki kwa moto hadi ifike nyuzi 801 za Selsiasi.

Kwa muungo wa kovalenti, beba kalamu za rangi mbili. Atomi mbili za klorini zikikutana hakuna wa kutoa, kila moja inataka, basi zinashirikiana jozi ya elektroni. Wazo la jozi hiyo lilitolewa na Mmarekani Gilbert Lewis mwaka 1916, na vinukta vya elektroni tunavyochora hadi leo ni vyake. Rangi mbili zitakuonyesha kila elektroni imetoka kwa nani.

Ukipata nafasi, fanya jaribio mapema. Unganisha betri tatu za tochi, taa ndogo nyekundu ya LED na misumari miwili, kisha tumbukiza misumari kwenye maji ya chumvi bila kuigusanisha. Taa itawaka, kwa sababu ioni ziko huru kutembea. Rudia kwa maji ya sukari: haitawaka, maana sukari hutawanyika majini ikiwa molekuli nzima nzima, zisizo na chaji. Hapa Mombasa kuna mtego. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, hivyo taa inaweza kuwaka hata kwenye sukari, nawe ukaondoka na jibu la uongo. Kinga maji ya mvua moja kwa moja kwenye beseni safi, yajaribu kwanza yakiwa matupu, ndipo utie sukari. Fanyia penye hewa, dakika moja yatosha, na umeme wa ukutani usiuguse kabisa.

Usiende pia na ile imani kwamba kila kitu cha kovalenti ni laini na huyeyuka upesi. Barafu, ndiyo. Lakini kwazi, madini ya mchanga mwingi duniani, ni kovalenti tupu na huhitaji nyuzi zaidi ya 1,600, kwa kuwa atomi zake zimefungamana mfululizo bila kukatika.

Andaa na swali la kumuuliza mwalimu. Mimi ningeuliza kuhusu jiwe la matumbawe, lile lililojengea Fort Jesus. Sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti. Ndani ya kaboneti, kaboni na oksijeni zimeshikana kwa kovalenti. Kati ya kaboneti na kalsiamu kuna mvutano wa ioni. Aina zote mbili zimo katika jiwe moja, na mwanafunzi anayeweza kuonyesha ipi iko wapi ameshaielewa mada.