Kusafisha na Kurekebisha Vali za Ekzosi kwenye Pikipiki ya Theluji ya Mipigo Miwili

Injini ya mipigo miwili haina vali za kichwani kama zile za gari. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia na moshi hutoka kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Tabu ni kwamba hakuna kimo kimoja cha tundu la ekzosi kinachoifaa injini wakati wote. Tundu likiwa refu hufunguka mapema, jambo linalofaa mizunguko inapokaribia 8,000 kwa dakika, lakini injini inapozunguka polepole sehemu ya mchanganyiko mbichi huponyoka pamoja na moshi na nguvu hupotea. Vali ya ekzosi, ambayo mafundi wengi huiita vali ya nguvu, ni ulimi wa chuma unaoteremka kulifupisha tundu hilo katika mizunguko midogo na kupanda mizunguko inapoongezeka. Yamaha walikuwa na mfumo wa aina hii kwenye pikipiki ya barabarani ya RD350 mwaka 1983, ingawa wao walitumia gogo linalogeuka badala ya ulimi. Kwenye pikipiki za theluji, yaani zile zenye skii mbele na mkanda mpana nyuma badala ya magurudumu, kila mtengenezaji ana jina lake: Rotax, watengenezaji wa injini, huuita mfumo wao RAVE, Polaris huuita VES na Arctic Cat waliuita APV.

Mengi ya maelezo haya yanahusu vali zinazoinuliwa na presha ya moshi, kwa kuwa ndizo zenye kirungu cha kurekebishia na ndizo zinazochezewa zaidi. Ndani yake presha hupita kwenye vitundu vidogo kutoka upande wa tundu la ekzosi, huujaza mvukuto wa mpira, na mvukuto huuvuta ulimi juu dhidi ya springi. Ukilielewa hilo utaona kwa nini napinga vikali kugeuza kirungu kabla ya kufungua na kusafisha. Ulimi ulioganda kwa masizi, mvukuto uliotoboka na vitundu vilivyoziba vyote hufanana na marekebisho mabaya, na anayekimbilia kirungu huishia kuficha kasoro moja kwa kuongeza ya pili.

Dalili husaidia kujua pa kuanzia. Ulimi ukikwama chini, pikipiki huondoka vizuri kabisa lakini hugoma kupanda hadi mizunguko yake ya juu, kana kwamba kuna kitu kimeuziba mdomo wa ekzosi. Ukikwama juu, huwa nzito kuondoka, husitasita katikati, kisha huchangamka ghafla inapofika juu. Silinda moja ikiwa nzima na nyingine imekwama, dalili huchanganyika, na wengi hulaumu kabureta au klachi bure.

Fanya kazi injini ikiwa imepoa kabisa, mahali penye hewa ya kutosha, na usafishe sehemu ya nje kwanza ili mchanga usidondokee ndani. Kwenye RAVE, kifuniko cha plastiki hushikwa na waya wa springi. Kishike kwa kiganja unapoutegua waya, kwa sababu chini yake kuna springi iliyobanwa. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikuwa nimeinama juu ya injini, kifuniko kikaruka kikanigonga kidevuni, na ile springi niliitafuta chini ya benchi kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Baada ya springi, fungua kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa nyuzi juu ya mhimili wa ulimi, legeza pete ndogo za springi zinazoubana mvukuto, kisha ondoa bolti mbili za msingi na uvute ulimi pamoja na msingi wake. Usiuchokonoe kwa bisibisi ukikataa kutoka. Nyunyizia dawa ya kulainisha masizi, subiri, kisha utikise taratibu. Kabla haujatoka wote, weka alama upande wa juu na uandike ni wa silinda ipi, kwa maana kila ulimi umezoeana na njia yake na haupaswi kubadilishwa na mwenzake. Ziba tundu lililobaki wazi kwa kitambaa safi.

Ulimi utakuwa mweusi, wenye ukoko uliochanganyika na oili nata. Uloweke kwenye dawa ya kuondoa masizi au mafuta ya taa, kisha usugue kwa sponji ngumu ya jikoni. Msasa, brashi ya waya ya mashine na kisu cha chuma viache kando, kwa sababu mikwaruzo huwa makao mapya ya masizi, na ukingo wa mbele ukilika, umbo lake lililopinda kufuata ukuta wa silinda huharibika. Njia ya ulimi ndani ya silinda isafishe kwa kijiti cha mbao kilichochongwa bapa, pistoni ikiwa imepanda na kulifunika tundu ili vipande visidondokee chini ya injini, na umalizie kwa kitambaa chenye dawa. Vitundu vya presha vipitishe waya mwembamba laini kisha uvipulize. Hapa watu huwa wavivu, na ndipo kazi nzima huharibikia: ulimi unang'aa kama kijiko kipya lakini presha haina pa kupita. Ukiwa hapo, tumia tochi kuchungulia pistoni na pete zake kupitia tundu la ekzosi, maana nafasi hiyo huipati kila siku.

Mvukuto hauoshwi kwa petroli wala dawa ya breki, kwa sababu mpira huvimba na kulegea. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha. Ukishakauka, uvute polepole mbele ya taa kali na uchunguze kila mkunjo, hasa pale unapokutana na pete. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano latosha kuifanya vali ichelewe au isifunguke kabisa. Kabla ya kuufungua, ungeweza pia kutazama kitundu cha kutolea uchafu kilicho kwenye msingi wa vali: oili ikivuja hapo, ama pete imelegea ama mvukuto umechanika. Mvukuto wenye shaka ubadilishe bila kujadiliana na nafsi.

Unaporudisha, ulimi mkavu na safi unapaswa kuteleza kwenye njia yake kwa uzito wake mwenyewe, bila kusukumwa. Ukisita popote, rudi ukasafishe. Hakikisha umeuelekeza kama ulivyokuwa, ukingo wake ukifuata mviringo wa silinda, kwa sababu ulimi uliogeuzwa unaweza kugusa pistoni. Zungusha injini kwa mkono, polepole, huku ukisikiliza kama kuna kinachokwaruza. Tumia gasketi mpya iwapo ya zamani imechanika, na bolti za msingi uzikaze kwa kipimo cha kitabu cha injini yako; bolti za milimita 6 kwa kawaida hukazwa kwa takribani niutoni mita 10, nguvu ndogo kuliko mkono uliozoea magari unavyodhani. Kisha inua mhimili kwa kidole na uuachie: springi iurudishe chini mara moja.

Sasa ndipo kirungu kinapoguswa. Ukikikaza kuelekea ndani, springi hubanwa zaidi na vali hufunguka kwa kuchelewa, kwenye mizunguko mingi zaidi. Ukikilegeza, hufunguka mapema. Anza pale kitabu kinapoagiza, mara nyingi kirungu kikiwa usawa na kifuniko, na silinda zote ziwe sawa. Pasha injini na mkanda wa klachi moto kwa safari fupi, kwani mkanda baridi hudanganya, kisha chagua sehemu tambarare yenye theluji iliyoshindiliwa na ufungue akseleta yote ukiwa tayari unatembea. Tazama mita ya mizunguko. Vali inayofunguka mapema mno huifanya injini izame kidogo katikati, mizunguko ikipanda kwa uzito kabla ya kushika. Inayochelewa huleta uvivu unaofuatwa na msukumo wa ghafla kama mtu aliyekupiga kikumbo mgongoni. Wapo wanaoupenda msukumo huo na kuuona kuwa ni nguvu, ila saa ikishika muda huonyesha mara nyingi kwamba umepoteza mita kadhaa kabla yake. Geuza nusu mzunguko kwa kila jaribio, kwa silinda zote, uandike, na urudie njia ileile. Polaris nyingi hazina kirungu. Kwao marekebisho hufanywa kwa kubadilisha springi, ambazo hutofautishwa kwa rangi.

Vali zinazovutwa kwa kebo na mota, kama za Arctic Cat, husafishwa kwa namna ileile, lakini kinachorekebishwa ni urefu wa kebo. Ndimi zote zifike juu kabisa na chini kabisa kwa pamoja. Kebo moja ikiwa na ulegevu kuliko nyingine, silinda zitafanya kazi kwa nyakati tofauti.

Pikipiki inayotumia oili isiyofaa, au iliyowekewa oili nyingi kupita kipimo, hutengeneza ukoko haraka, kwa hiyo ratiba ya kitabu ichukulie kuwa ndiyo muda mrefu zaidi wa kusubiri. Mimi hufungua vali kila msimu unapoisha, ukoko ukiwa bado laini. Ukiachwa miezi ya joto hukauka na kuwa kama jiwe. Baada ya safari ya kwanza, futa kile kitundu cha kutolea uchafu kwa kitambaa cheupe, safiri tena kidogo, na utazame kama kimebaki kikavu.