Soma ukingo kwanza: kukadiria bei ya nishani za mzee aliyekuwa KAR

Hajati mmoja wa Bombo alikuja kibandani kwangu Kisenyi, Kampala, akafungua fundo la leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na nishani nne za marehemu baba yake, askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Sonara mwingine alikuwa ameshampa bei: shilingi elfu sitini kwa ile moja ya fedha, na zile tatu "za bati" akaambiwa azirudishe nyumbani wachezee wajukuu. Alichotaka kwangu ni kujua kama nitaongeza elfu kumi.

"Hajati, kaa kwanza," nikamwambia. "Hizi hazipimwi kwa mizani."

Mimi ni mtoto wa Kinubi, wazao wa askari wa Kisudani, nimekulia Bombo hukohuko, na babu yangu aliwahi kuvaa kofia ya KAR. Nilipokuwa bado najifunza usonara, mwalimu wangu alinipa nishani ya fedha niiyeyushe iwe bangili za harusi. Niliiweka kwenye chungu, nikavuta mvukuto. Kabla haijalainika niliona herufi ukingoni, ndogo, zimepangwa mstari mmoja: namba, kisha jina la mtu. Sikujua maana yake, nikaendelea kupuliza moto. Herufi zile bado naziona. Ndiyo maana yeyote anayeniletea nishani namweleza haya yote, hata kama haniuzii kitu.

Tuanze na fedha yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Nishani ya Uingereza ya Vita vya Kwanza, ile yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na mtu aliye uchi juu ya farasi upande wa pili, pamoja na miaka 1914 na 1918, ina uzito wa karibu gramu 31, na fedha yake ni ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Toa ile sehemu ya shaba, unabaki na gramu 28 na kitu za fedha halisi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Jibu unalopata ni sakafu: hakuna sababu ya kuuza chini ya hapo, na mara nyingi hakuna sababu ya kuuza hapo. Mwaka 1980 bei ya fedha duniani ilipopanda hadi karibu dola 50 kwa aunsi, nishani nyingi za aina hii zilitupwa motoni huko Uingereza. Wenyewe wanajuta hadi leo.

Sasa shika nishani kwa kingo, usiguse uso wake, uipeleke mlangoni penye mwanga wa jua la asubuhi. Igeuze polepole ili mwanga upite juu ya ukingo kwa mshazari. Herufi zilizogongwa zitatoa kivuli hata kama zimechakaa. Kama macho yamechoka, weka karatasi nyembamba juu ya ukingo, upitishe penseli laini kwa upande, jina litajichora lenyewe. Usikwangue uchafu kwa sindano.

Unachotafuta ni vitu vinne: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Kikosi hufupishwa, kwa hiyo utakuta K.A.R. au kifupisho kingine cha King's African Rifles. Jina linaweza kuandikwa ajabu. Makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia, na majina yetu ya Fadimula, Rehan, Farajallah na Mursal yameandikwa kwa namna nyingi kuliko wenye majina. Usikate tamaa ukiona herufi hazifanani na za kitambulisho cha familia. Namba ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Ukingo huohuo ndio unaofichua udanganyifu. Kuna watu walifuta jina la mwenye nishani kwa tupa na kugonga jingine. Nishani nyingi za duara za Waingereza zina kipenyo cha milimita 36. Pima kwa kalipa sehemu tatu au nne. Ukingo uliopitishwa tupa hupungua kidogo, na mara nyingi upande wenye jina huwa mwembamba kuliko upande usio na kitu. Angalia pia kama herufi zimekaa kwenye bonde dogo. Nishani iliyobadilishwa jina thamani yake huanguka vibaya, wakati mwingine hadi karibu na ile sakafu ya fedha.

Nishani ya fedha ya Hajati ilikuwa ile ya Afrika, iliyotolewa chini ya tawala kadhaa kuanzia mwaka 1902. Ina mwanamke mwenye vazi refu na simba kando yake, jua linachomoza nyuma, na neno AFRICA chini. Upande wa pili kulikuwa na Malkia Elizabeth, na juu ya utepe wa manjano wenye pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani palikuwa na upau ulioandikwa KENYA. Upau huo ni wa vita vya Mau Mau, kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Wanubi wengi wa batalioni ya nne, batalioni ya Uganda, walikuwa huko. Ni historia nzito, na kuna nyumba hazipendi kuizungumza. Mimi naikadiria tu, simhukumu mzee aliyeivaa.

Upau ndio unaopandisha au kushusha. KENYA ni wa kawaida. Ukikuta nishani hiyohiyo ina upau wa JUBALAND, SOMALILAND au EAST AFRICA na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, simama hapo, usiuze kwa mtu yeyote wa sokoni. Na kama kwenye sanduku la bibi kuna nishani yenye sura ya Malkia Victoria, utepe nusu manjano nusu nyekundu, na upau ulioandikwa LUBWA'S au UGANDA 1897-98, hicho ni kitu cha enzi za maasi ya askari wa Kisudani kule Busoga, wakati babu zetu waligawanyika, wengine wakaasi na wengine wakabaki na serikali. Nishani hizo ni chache, na wakusanyaji wanazigombania.

Cheo nacho kina uzito. Private, yaani askari wa kawaida, ni wengi, sajenti ni wachache, na afisa mwenyeji mwenye cheo cha Effendi ni mchache zaidi. Ushujaa ndio unaopita vyote. Nishani yenye maneno FOR BRAVERY IN THE FIELD, au ile iliyoandikwa KING'S AFRICAN RIFLES pamoja na FOR DISTINGUISHED CONDUCT IN THE FIELD, haikutolewa kwa kuhudhuria tu. Baadhi ya tuzo za namna hiyo zilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, na kumbukumbu zake zinasomeka bure kwenye intaneti.

Zile tatu "za bati" za Hajati sasa. Mbili zilikuwa nyota za ncha sita: Nyota ya 1939–45, utepe wake wa bluu iliyokoza, nyekundu na bluu ya anga kwa vipande sawa, na Nyota ya Burma, utepe wa bluu iliyokoza wenye mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa pembeni. Ya tatu ni Nishani ya Vita ya 1939–45, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Nyota ni za shaba na zinki, ile ya simba ni shaba na nikeli. Kwa sonara hazina kitu. Na kuna tatizo jingine: nishani hizi za Vita vya Pili Waingereza walizitoa bila kuandika majina. Mamilioni zilitolewa. Nyota ya 1939–45 au ile ya simba ikiwa peke yake, bila jina wala karatasi, ni ya paundi chache, mara nyingi haifiki hata gharama ya kuituma Ulaya. Ya Burma hupata zaidi kidogo.

Kwa hiyo nikamuuliza Hajati swali ambalo kwangu lina thamani kuliko lenzi: "Cheti cha mzee cha kuachiwa jeshi kiko wapi?"

Karatasi hubadilisha hesabu yote. Cheti kinachosema mtu huyu, namba hii, alikuwa batalioni ya 4, 34 au 44 za Uganda, kinaziunganisha nyota zisizo na jina na safari ya kweli. Batalioni hizo tatu zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni za 1944, matope magotini na malaria mwilini, ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Mnunuzi mwenye akili anainunua safari hiyo. Picha ya mzee akiwa na sare, barua, kitabu cha malipo, hata bahasha yenye muhuri, vyote viwekwe pamoja. Na nishani zisitawanywe! Najua desturi yetu: baada ya arobaini kila mtoto anachukua moja ya kumkumbuka baba. Kama nia ni kuuza, huko ni kurarua kitabu na kugawana kurasa. Nne za mtu mmoja zikiwa pamoja na cheti huzidi mbali jumla ya nne zilizotengana.

Usizing'arishe. Nasema hivi nikiwa mtu anayekula kwa kung'arisha. Brasso na majivu hula nyuso na herufi, na weusi ule wa miaka mingi ndio unaomshawishi mnunuzi kwamba kitu hakijachezewa. Utepe mkuukuu uache hata kama umechanika. Kama pete ya kuning'inizia imelehemiwa, iseme wazi, maana lazima itaonekana.

Nakala za bandia za nyota zipo nyingi. Ya kweli iligongwa kwa muhuri wa chuma, hivyo kingo za taji na herufi ni kali, na mgongo ni laini. Ya bandia mara nyingi imesubiwa: chini ya lenzi utaona vitundu kama vya chapati, herufi zimevimba, na pengine mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana.

Sasa bei yenyewe. Bei anayotaja muuzaji kwenye intaneti ni ndoto yake, iache. Tafuta bei zilizolipwa. Nyumba za mnada za London kama Noonans na Spink zinaweka kumbukumbu za mauzo yaliyopita, na unaweza kuzipekua kwa simu yako. Tafuta kwa jina la kikosi na upau, maana jina la mzee huenda halimo. Mimi huchukua mauzo matano ya miaka ya karibuni yanayofanana kabisa: upau uleule, kikosi kilekile, cheo cha karibu, seti yenye idadi karibu sawa. La juu kabisa nalitupa, kwa sababu siku hiyo watu wawili walishindana. La chini nalitupa pia. Matatu yaliyobaki yananipa chini, kati na juu, na ndivyo ninavyomwandikia mteja. Anayekupa tarakimu moja tu anakisia.

Halafu punguza. Tuseme kati ni paundi 400. Mnada ukikata asilimia 15 kwa muuzaji, zinaondoka 60. Kutuma kwa bima, na benki kubadilisha paundi kuwa shilingi, tuseme 70. Mkononi zinabaki 270. Kumbuka pia kwamba mnunuzi hulipa kamisheni yake juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, hivyo angalia kama tarakimu unayoisoma ina kamisheni ile au haina, usije ukahesabu pesa isiyo yako.

Kabla kitu hakijavuka mpaka, pita Makumbusho ya Uganda pale Kira Road uulize kama kinahitaji kibali. Warithi wote wakubaliane kwa maandishi, na mwenyekiti wa kijiji (LC1) atie muhuri. Nimeona ndugu wakifikishana mahakamani kwa ajili ya nishani. Na kama ndani ya sanduku la mzee kuna bunduki au risasi, hiyo si mali ya kukadiriwa nyumbani. Usiibebe kwenye boda. Iache ilipo, uwaite polisi.

Alhamisi iliyofuata Hajati alirudi na cheti, kimekunjwa mara nne ndani ya juzuu la baba yake. Namba ya kwenye cheti na ya ukingoni zilikuwa moja. Jina lilitofautiana kwa herufi mbili. Nilizilaza nishani juu ya leso kwa mpangilio aliozivaa mzee, nyota mbili, kisha simba, kisha Afrika, tukapiga picha mbele, nyuma, na ukingo kwa vipande vinne, rula ikiwa kando. Nikamwandikia kwenye karatasi chini, kati na juu, na tarehe ya siku ile, kwa sababu makadirio ya mwaka huu si ya mwaka ujao. Aliisoma akaikunja pamoja na cheti. Akasema atawangoja kaka zake wa Arua waje Idi, wakae, ndipo waamue.