Msaada wa kaunsili likija janga: namna ya kuupata ukiwa Uingereza

Hii nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko England, wabongo, wakenya, wakongo, wote, hasa wenye saloni, wenye duka dogo, wanaouza chakula sokoni na wale wa shifti za usiku. Korona imeshapita ila siku likija balaa jingine utaratibu utakuwa karibu ule ule, manake serikali kuu haina watu wa kuja kugonga mlango mmoja mmoja, inachofanya inazimwaga hela kwenye kaunsili (halmashauri ya eneo lako) halafu kaunsili inagawa kwa kufuata majina iliyonayo kwenye kompyuta zake. Kama jina lako halimo, au limo kwa makosa, hela utazisikia kwenye taarifa ya habari tu. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya kabla, sio ya siku ya janga lenyewe.

Walioko Scotland na Wales mna taratibu zenu (Scotland kuna Scottish Welfare Fund, Wales kuna Discretionary Assistance Fund), viwango ninavyotaja huku chini ni vya England.

Jua nani anatoa nini

2020 watu walikuwa wanakaa kwenye simu ya kaunsili nusu siku kuulizia furlough (ile ya serikali kukulipa mshahara kazi ikisimama), wakati furlough ilikuwa ya HMRC, yaani mamlaka ya kodi, kupitia bosi wako, asilimia 80 ya mshahara mpaka pauni 2,500 kwa mwezi, na aliyejiajiri hela yake ilitoka HMRC hiyo hiyo moja kwa moja. Universal Credit, ule msaada wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, ni ya DWP, idara ya kazi na pensheni. Kaunsili yenyewe ilishika ruzuku za biashara, punguzo la kodi ya kaunsili, zile pauni 500 za kujitenga, chakula, hela ya gesi na umeme, na malazi kwa waliokuwa wanalala nje.

Halafu jua kaunsili yako ni ipi, usicheke, wengi hawajui. Mfano mzuri ni Leicester, ambako ukipita Belgrave Road bado unakutana na wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Amin wanakusalimia kwa Kiswahili (kaunsili ya mji huo ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus mwaka 1972 kuwaambia wasije, wakaja, na leo ndo wenye maduka). Tarehe 29 Juni 2020 Leicester ikatangaziwa lokdauni yake peke yake, wakati England nyingine inajiandaa kufungua vinyozi na migahawa tarehe 4 Julai, na mstari wa lokdauni ukavuka mpaka wa mji ukachukua Oadby, Birstall na Glenfield. Sasa mtu wa Oadby anajiona yuko Leicester, kumbe kodi yake anailipa Oadby and Wigston, na mambo ya ustawi wa jamii yako kwa kaunti ya Leicestershire. Sehemu za namna hii zina kaunsili mbili, ya chini inakusanya kodi na ndo inayotoa ruzuku za biashara, ya juu ndo inayopewa mfuko wa kusaidia kaya. Ukipeleka fomu kwa ile isiyo yako unapoteza wiki nzima kabla ya mtu kukwambia umekosea mlango. Ingia GOV.UK, andika postikodi yako, itakuonyesha zote mbili.

Wenye biashara: ile bili ya sifuri usiitupe

Chukua bili ya business rates (kodi ya jengo la biashara), ile inayokuja kila mwaka karibu na Aprili. Juu kuna namba ya akaunti na jina la mlipaji, chini kuna anwani ya jengo na tarakimu iliyoandikwa Rateable Value. Hiyo sio kodi unayolipa, ni thamani ya jengo iliyopangwa kwa ajili ya kukokotoa kodi. Kama ni pauni 12,000 au chini na hilo ndo eneo lako pekee, unastahili punguzo la biashara ndogo la asilimia 100, yaani bili inasoma sifuri. Haliji lenyewe hili punguzo, unaliomba kaunsili. Mtu akiona sifuri anaitupa bili kwenye pipa, ila sifuri hiyo ndo iliyolipa watu hela 2020.

Tuseme una saloni na Rateable Value yako ni 9,000. Machi 2020 serikali ikatangaza pauni 10,000 kwa kila biashara iliyokuwa kwenye punguzo hilo (migahawa, maduka na sehemu za starehe zenye thamani ya juu ya 15,000 mpaka chini ya 51,000 zikapata 25,000). Januari 2021, lokdauni ya tatu, ukapewa 4,000 za mkupuo mmoja. Aprili 2021 kufungua tena, saloni za saizi hiyo zikapata 8,000. Hapo tayari 22,000, na bado sijahesabu zile za kufungiwa kwa amri, ambazo kwa eneo dogo zilikuwa pauni 1,334 kwa kila siku 28. Kwa kinyozi wa viti viwili hiyo ni hela ya kumlipia pango na ikabaki.

Sasa mtego uko hapa. Hela ile ya kwanza alipewa mtu ambaye vitabu vya kaunsili vilimtambua kama mlipaji wa jengo hilo tarehe 11 Machi 2020. Tarehe moja. Ulinunua duka Novemba ukaacha bili kwa jina la mwenyewe wa zamani kwa sababu bili ni sifuri na hakuna anayekusumbua? Jina lililoko kwenye vitabu ni lake, sio lako. Kaunsili iliruhusiwa kurekebisha ikigundua kumbukumbu ina makosa, ila wewe ndo wa kuleta ushahidi, na unauleta wakati ofisi nzima inafanya kazi kutoka nyumbani na foleni ina maelfu. Kwa hiyo kila ukihamia jengo, ukibadilisha jina la kampuni, ukiongeza mshirika, andika kaunsili wiki hiyo hiyo, na imeili ya majibu uitunze.

Na wasio na bili kabisa? Hawa ndo sisi wengi. Unakodi kiti kwenye saloni ya mwenzio, una kibanda sokoni, unapika pilau na chapati jikoni kwako unauza kwa oda, una deski kwenye ofisi ya kushirikiana. Mwanzoni hawakuwemo. Mei 2020 ndo ukaja mfuko wa hiari kwa ajili ya watu wa masokoni, wa ofisi za kuchangia, nyumba ndogo za kulala wageni na taasisi za misaada, halafu vuli ya mwaka ule kaunsili zikapewa pauni 20 kwa kila mkazi wa eneo lao zizigawe kwa biashara zitakavyoona. Neno la hiari lina maana yake: kila kaunsili ilijitungia masharti, mtaa huu unalipwa kwa kibanda, mtaa wa pili hawalipi, na mfuko ukiisha umeisha. Ukisikia mfuko wa hivyo umefunguka tafuta ukurasa wa masharti yao usome siku hiyo, sio wikendi.

Cha kuwa nacho tayari kwa mtu asiye na bili: mkataba wa kiti au kibanda hata kama ni karatasi moja, ilimradi una sahihi na tarehe. Makubaliano ya mdomo na dada wa saloni hayana kazi mbele ya afisa wa kaunsili hata kama mnaaminiana kama ndugu. Risiti za ada ya soko, bima, namba yako ya kodi ya HMRC, na akaunti ya benki inayoonyesha hela za biashara zinaingia. Hapa naomba nisisitize kidogo, biashara nyingi zetu hela inapita kwenye akaunti ya kawaida, au keshi, au inaingia kwa shemeji kisha inarudi, na afisa akiomba stetimenti za miezi mitatu anaona mchele, nauli na hela ya kutuma nyumbani, biashara haioni. Fungua akaunti ya pembeni, hata ya bure, pitisha mauzo humo.

Nyumbani

Kodi ya kaunsili kwanza. Mwaka wa fedha 2020/21 serikali ilitoa pauni milioni 500 na matumizi makubwa yalikuwa kuwapunguzia bili kwa pauni 150 watu wazima walio chini ya umri wa pensheni ambao tayari wako kwenye msaada wa kodi ya kaunsili. Unaona tena, tayari wako. Kama kipato chako ni kidogo omba huo msaada sasa, usisubiri janga, na ujue kuomba Universal Credit hakukuingizi huko, ni fomu nyingine kabisa ya kaunsili. Ukikaa peke yako kama mtu mzima pekee kuna punguzo la asilimia 25, hilo ni la kila mtu hata mwenye mshahara mzuri.

Ukikwama kabisa kuna kifungu cha 13A cha sheria ya mwaka 1992 (Local Government Finance Act) kinachoipa kaunsili uwezo wa kukupunguzia au kukufutia bili kwa sababu ya hali ngumu. Hawakitangazi sana. Andika barua, sema unaomba punguzo la hiari chini ya kifungu cha 13A, ambatisha mapato na matumizi yako. Na kabla bili haijafika mahakamani piga simu uombe kupangiwa upya, 2020 kaunsili nyingi zilikubali watu waanze kulipa Juni badala ya Aprili.

Zile pauni 500 za kujitenga zilianza 28 Septemba 2020. Ilibidi uwe umeambiwa rasmi ujitenge na una namba kutoka Test and Trace (mfumo wa serikali wa kufuatilia walioambukizwa), uwe na kazi ambayo huwezi kuifanya nyumbani (usafi, kea, madereva, ghala, yaani sisi), unapoteza kipato, na uko kwenye msaada kama Universal Credit au Housing Benefit (msaada wa kulipa pango la nyumba). Asiye kwenye msaada ila kipato kidogo aliweza kuomba upande wa hiari, na hapo tena kila kaunsili na moyo wake. Dirisha la kuomba lilikuwa fupi, kwa hiyo meseji ya kuambiwa ujitenge piga skrinishoti siku ile ile na barua ya bosi uiombe ukiwa bado kitandani.

Chakula na umeme: baridi ya 2020 kulikuwa na mfuko wa pauni milioni 170 kupitia kaunsili za juu, na Oktoba 2021 ukaja Household Support Fund. Majina hubadilika, njia ni ile ile, vocha za supamaketi au hela ya mita, na mara nyingi shule ya mtoto inajua kabla yako, kaulize ofisi ya shule.

Kama visa yako haikuruhusu hela za umma

Hapa nenda polepole. Msaada wa kodi ya kaunsili na Housing Benefit vinahesabika kama hela za umma, ukichukua wakati visa inakataza unaweza kujiharibia karatasi. Lile punguzo la asilimia 25 la kukaa peke yako halihesabiki. Chakula cha bure shuleni kiliongezwa kwa baadhi ya familia za namna hii kuanzia 2020, na mwaka ule ule kaunsili ziliambiwa ziwaingize ndani wanaolala nje, wakiwemo wengi wasio na haki ya misaada. Muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa au Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) kabla ya kujaza chochote, sio kwenye grupu la WhatsApp, kule kila mtu ni wakili.

Wakikukataa

Usikate simu kwa hasira. Omba sababu kwa maandishi, halafu omba waangalie upya. Kwa msaada wa kodi ya kaunsili una njia ya kisheria: waandikie, wana miezi miwili ya kujibu, wakikataa au wakinyamaza unaenda Valuation Tribunal, baraza la rufaa za kodi hizi, ni bure. Kwa ruzuku za biashara hakukuwa na mahakama ya namna hiyo, ilikuwa malalamiko ya ndani ya kaunsili. Hapo mtafute diwani wako, ana siku za kukutana na wakazi na afisa anajibu imeili ya diwani haraka kuliko yako. Kiingereza kikikusumbua uliza mkalimani tangu simu ya kwanza, usimpeleke mtoto wa miaka 10 akutafsirie madeni yako. Ukimaliza ngazi za kaunsili peleka kwa Local Government and Social Care Ombudsman (ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya kaunsili), nayo haina malipo, ila usipitishe miezi 12 tangu ulipojua tatizo.

Na ukipata, ruzuku ya biashara ni mapato, inaingia kwenye ritani yako ya HMRC. Karatasi za maombi na barua ya kukubaliwa ziweke, kaunsili zilirudi nyuma kukagua na kudai hela kwa waliolipwa kimakosa, na anayepiga simu ghafla kusema anatoka kaunsili anataka namba za kadi yako kwa ajili ya granti, mkatie.