Kuhakiki Kama Buibui-Ngamia Uliyemnasa Mwanza ni Galeodes

Kila kiangazi mimi huletewa buibui-ngamia, kiumbe mwenye mbio, aliyenaswa usiku chini ya taa karibu na mawe ya vilima vya Mwanza, akiwa tayari amepewa jina Galeodes kutokana na picha za kwenye simu. Jenasi hiyo (yaani kundi la spishi zinazokaribiana), iliyoelezwa na mtaalamu wa wadudu Mfaransa Olivier mwaka 1791, ina spishi kama Galeodes arabs na Galeodes araneoides, na makazi yake hasa ni Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Asia. Ndiyo maana jina hilo likitajwa huku Kanda ya Ziwa, mimi huomba kwanza kuona taya.

Hatua ya 1. Mfunike kwa bakuli, kisha upitishe kadi ngumu chini yake. Hafahamiki kuwa na sumu, lakini taya zake zinaweza kutoboa ngozi, hivyo usimshike kwa vidole. Mhifadhi katika spiriti ya asilimia 80, na uandike mahali na tarehe kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka humo (nimewahi kubaki na karatasi nyeupe).

Hatua ya 2. Thibitisha kwamba si buibui wa kweli: hana kiuno chembamba, wala hafumi utando. Huonekana ana miguu 10 kwa sababu vipapasio vyake viwili ni virefu kama miguu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukosea. Tafuta dume aliyekomaa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kiungo cha ziada juu ya taya, kisha ukiangalie kwa lenzi. Kikiwa kifupi na kipana mwishoni, mfano wa kasia la mtumbwi, na kucha za miguu zikiwa na vinyweleo, unaelekea kwenye familia ya Galeodes. Kikiwa kirefu na chembamba kama mjeledi uliopindia nyuma, huyo ni wa familia ya Solpugidae, yenye jenasi za Kiafrika kama Solpuga na Zeria.

Hatua ya 4. Hesabu vipingili vya wayo, yaani sehemu ya mwisho ya mguu wa nne. Galeodes aliyekomaa ana vitatu. Solpugidae wana vingi zaidi. Usihesabu kwa mtoto, kwani vipingili vyake havijakamilika. Roewer, mtaalamu Mjerumani wa jamii ya buibui, katika miaka ya 1930, alitenga jenasi nyingi kwa vipingili na miiba ya miguu, lakini wataalamu waliomfuata waliona kwamba alama hizo hubadilika ndani ya spishi moja. Kwa hiyo, nisipokuwa na dume wa kulinganisha, kwenye lebo naandika “Solpugidae” tu, na nafasi ya spishi naiacha wazi.